Kunyanyasa wanafunzi wa udaktari wodini: tuache "hata sisi tulipitia", tuongelee kinga

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Huu uzi nimekaa nao muda mrefu, leo nauleta kwasababu makundi mapya ya mwaka wa tatu yanaingia wodini na najua kuna watu wanaenda kuvurugwa. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni daktari, sasa hivi niko rezidenti, yaani nasomea ubingwa. Sitaji chuo wala hospitali na naomba wachangiaji tufanye hivyohivyo, sijaja kuchafua mtu.

Kwa wasiojua mambo yanavyokwenda: udaktari hapa kwetu Tanzania ni miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa utarajali, ndo unaitwa intani. Mwanzoni unakaa darasani na maabara, baadae unahamia wodini kwa mzunguko, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi, akili n.k. Darasani mhadhiri ana watu mia na zaidi, hata jina lako halijui. Wodini bingwa anakujua jina, sura, na ukichelewa anajua. Yeye ndo anakufundisha, yeye anakusainia logibuku (daftari la kazi ulizofanya wodini), yeye anakupa alama za wodi, na mwisho unamkuta amekaa kwenye meza ya mtihani wa kitandani kwa mgonjwa. Kashika mpini, wewe umeshika makali. Sasa akiwa muungwana unakula elimu ambayo huwezi kuipata kwenye kitabu chochote. Asipokuwa muungwana huna pa kwenda.

Niwape kisa kimoja, viko vingi. Raundi kubwa ya wodi ya watoto, bingwa mbele, marezidenti, maintani, manesi wawili na lundo la wanafunzi nyuma wanachungulia juu ya mabega ya wenzao. Binti wa mwaka wa tatu anapresenti mtoto wa miaka kama minne, kavimba uso na miguu, kipimo cha mkojo kinaonyesha protini imejaa. Historia kaitoa vizuri, chanjo, uzito, chakula, kila kitu. Bingwa akauliza presha ya mtoto ngapi. Binti akasema ukweli, hakupima, mkanda wa presha wa watoto ulikuwa haupo wodini jioni ile. Basi, faili likaruka likaangukia chini ya kitanda, akaambiwa mbele ya mama wa mtoto "nani alikudanganya unafaa udaktari, rudi kwenu ukauze vitumbua", watu wakacheka maana usipocheka unaweza kufuata wewe, halafu akaamriwa asimame mlangoni kageukia ukuta mpaka raundi iishe. Mtu mzima huyo. Na mkanda wa presha hakuna aliyeuulizia tena.

Sasa kilichofuata ndo kimenifanya niandike. Kesho yake alfajiri yule binti ndo alikuwa wa kwanza kuongea na yule mama, mama akamwambia mtoto tangu jana mchana hajakojoa vizuri. Kwenye raundi binti akanyamaza. Hakuulizwa, na yeye angeanzia wapi kufungua mdomo? Intani ndo kaja kuliona jioni anapojaza chati ya maji. Mtoto alishughulikiwa, akapona na akaruhusiwa, lakini masaa yote yale taarifa ilikuwepo wodini, iko kichwani mwa mtu anayeogopa kusema.

Na hii sio hisia zangu. Mwaka 2015 watafiti wa Israel, Arieh Riskin na wenzake, walichukua timu 24 za wodi za watoto wachanga, wakazipa zoezi la kuigiza la mtoto njiti anayezidiwa ghafla kwa ugonjwa wa utumbo. Baadhi ya timu zikasikia maneno ya dharau kutoka kwa mtu aliyetambulishwa kama mtaalamu kutoka nje, nyingine zikasikia maneno ya kawaida. Hawakutukanwa matusi, dharau tu ya kistaarabu. Zile zilizodharauliwa zikafanya vibaya kwenye kugundua tatizo na kwenye kazi za mikono, zikapungua kupeana taarifa na kuombana msaada. Hao ni madaktari na manesi wazoefu kabisa, je huyu wa mwaka wa tatu?

Kwahiyo mimi hoja yangu sio "tuwaonee huruma watoto". Hoja yangu ni kwamba anayetoa alama asiwe ndo mlango pekee wa malalamiko. Mkilitengua hilo fundo, mengi yanakaa sawa yenyewe. Karibuni.

Mzee wa Thieta

Kijana umeandika vizuri ila nikupinge. Mimi nimefundisha miaka mingi. Hii kazi sio ya kubembelezana. Mgonjwa akitokwa damu mezani sina muda wa kusema "samahani mpendwa naomba unipe ile klampu". Nitapiga kelele, na wewe utaleta klampu, na mgonjwa ataishi. Sisi walimu wetu walikuwa wakali kuliko hawa wa leo na ndo maana tukaiva. Kizazi hiki ukimwambia soma, anaandika uzi.

Halafu mbona husemi upande wa pili? Wanafunzi wanaokuja wodini saa tatu, hawajamuona mgonjwa, wananakili maelezo ya intani kwenye faili na kuja kusoma kama taarifa ya habari. Huyo nimwambie nini?

Kobe Mwendo

Acheni kulialia, hamjalazimishwa kusoma udaktari. Nendeni mkasomee uhasibu.

Sista Mkongwe

@Kobe Mwendo siku ukilazwa utajua kwanini tunalia.

Zamu ya Usiku

@Mzee wa Thieta shikamoo mzee, umenigusa pazuri. Naomba tutenganishe, maana hapa ndo watu wengi wanachanganya.

Kupiga kelele "leta damu haraka" wakati mama anatokwa damu baada ya kujifungua, hiyo sio unyanyasaji, hiyo ni kazi, na kila aliyepo anaelewa. Kumwambia mwanafunzi "hujamuona mgonjwa, rudi ukamuone, uje unipresentie saa nane" nayo ni sawa kabisa, hata kama imemuuma. Kumuuliza maswali magumu mpaka aseme sijui, ni sawa, ndo kujifunza kwenyewe. Aliyenakili faili mnyime alama, ni haki yako.

Ila kumwambia kabila lake ndo halina akili? Kumtupia faili? Kumwambia mbele ya mgonjwa kwamba alipita form six kwa kuiba mtihani? Kumtuma akakununulie chipsi na kuosha gari muda wa kliniki, akirudi unamuuliza alikuwa wapi wakati wenzake wanajifunza? Kumkatalia saini ya logibuku wiki ya mwisho kwasababu hakukusalimia korido? Hapo ni ugonjwa gani anafundishwa kutibu?

Swali lenyewe ninalojiuliza kila nikitaka kumfokea mtu wodini ni hili: nikishamaliza kufoka atakuwa anajua kitu gani ambacho alikuwa hakijui? Kama jibu ni "atajua mimi ni nani", basi nimejifundisha mwenyewe.

Na hili la "sisi tulipitia na tukaiva" sio la Tanzania peke yake na sio jipya. Kuna daktari wa watoto wa Marekani anaitwa Henry Silver, alikuwa Chuo Kikuu cha Colorado. Huyu alikuwa kwenye ile timu ya Kempe iliyoandika mwaka 1962 kuhusu watoto wanaopigwa na wazazi wao, makala iliyofanya madaktari duniani waanze kuwatafuta hao watoto. Miaka 20 baadae, 1982, akaandika kwamba anaona kitu kilekile kwa wanafunzi wa udaktari, wanaingia na moto, wana hamu, baada ya muda wamekuwa waoga, wamenyong'onyea, wanakwepa watu, na akaona inafanana na mtoto aliyeteswa nyumbani. Watu walimshangaa. Mwaka 1990 yeye na mwenzake wakatoa takwimu za chuo kimoja kikubwa, asilimia 46.4 ya waliojibu walisema wameshanyanyaswa, na kwa wale wa mwaka wa mwisho ikafika asilimia 80.6. Hao wa mwaka wa mwisho ndo walikuwa wanakwenda kuwa walimu wa wodi. Sasa mzee wangu, kama njia hii ndo inaivisha watu, mbona anayeiva anatoka na rungu lilelile?

Kingine, kiapo. Tamko la Geneva la 1948 lilisema daktari atawapa walimu wake heshima na shukrani. Walimu tu, basi. Oktoba 2017 madaktari wa dunia wakakaa Chicago wakalirekebisha, sasa linasema walimu, wenzake NA wanafunzi wake. Imechukua miaka karibu sabini mwanafunzi kuingia kwenye sentensi moja.

Logibuku Tupu

Doc asante kwa uzi. Mimi niko mwaka wa nne, naongea kama sauti kutoka nyikani. Sijui kama mnaelewa hofu yetu ilivyo. Tuko kundi la watu wanane. Msichana peke yake ni mimi. Kuna sanduku la maoni limefungwa ukutani nje ya ofisi ya idara, limetiwa kufuli na ufunguo anao sekretari wa mkuu wa idara. Chuo kinasema "toeni maoni bila kutaja majina". Nikiandika kwamba daktari fulani anatoa maneno ya ajabu kuhusu maumbile ya wasichana wakati tunapima mgonjwa, hilo jina langu sijalitaja kweli?

Na nikiripoti, wiki ya kusainiwa logibuku inafika, nani atanisainia? Nikipata sapu (mtihani wa marudio) ya upasuaji narudia mzunguko mzima likizo, mkopo haupo, chumba hosteli hakuna. Nikidisko, yaani nikiondolewa chuo kwa kufeli, je? Kwetu wamekodisha shamba ili nisome. Ndo maana tunacheka tu mzee akitukana. Tunaitana pembeni tunapeana pole, tunaendelea.

Baba Neema

Huu uzi umenikosesha raha. Binti yangu yuko mwaka wa nne chuo fulani, miezi ya karibuni simu zake zimekuwa fupi, nikiuliza vipi masomo anasema poa baba. Kumbe ndo hivi? Naomba mnisaidie, mzazi anaweza kufanya nini bila kumharibia?

Zamu ya Usiku

@Baba Neema mzee wangu usimpigie mkuu wa idara, hilo la kwanza. Muulize binti mwenyewe, sio "masomo vipi" maana hilo jibu lake ni poa, muulize "raundi ya leo nani alikuwa anaongoza, ilikuwaje". Ukimuuliza hivyo ataongea. Halafu sikiliza usianze kutoa mawaidha. Akikwambia halali, hali, au anaona bora asiwepo, usisubiri likizo, panda basi.

@Logibuku Tupu dada yangu hapo kwenye kufuli umemaliza kila kitu. Acha niseme kinachowezekana, na siongelei mambo ya pesa nyingi.

La kwanza, maoni yasipokelewe na idara kabisa. Yaende ofisi iliyo nje ya hospitali, ya mshauri wa wanafunzi au mtu aliyeteuliwa ambaye hafundishi wala hasahihishi mtihani wa mtu yeyote. Na yasisomwe palepale. Kundi la watu wanane likitoa maoni leo na bingwa akayasoma kesho, atajua ni nani hata mkiandika kwa mashine. Lakini yakishikiliwa mpaka alama zimetoka na makundi mengine matatu manne yamepita palepale, maneno yanachanganyika, halafu kinachoonekana ni mwenendo. Makundi manne ambayo hayajuani yakisema kitu kilekile kuhusu mtu yuleyule, hapo hakuna wa kusema "ni yule binti ana chuki na mimi". Hii ni kwa mambo ya dharau na matusi ya kila siku. Kupigwa, kushikwa, kuombwa ngono, hayo hayasubiri hata usiku mmoja.

La pili, alama za wodi. Mtihani wa mwisho angalau una watahini zaidi ya mmoja na wengine wanatoka vyuo vya nje, sio rahisi mtu mmoja akuangushe. Balaa liko kwenye zile alama za mzunguko ambazo mara nyingine zinatoka kwenye kalamu moja na hakuna anayeuliza. Zigawanywe kwa watu wawili watatu, rezidenti atoe sehemu yake, bingwa sehemu yake, na bingwa wa timu nyingine sehemu yake. Na logibuku isainiwe kila wiki, kazi uliyofanya Jumanne isainiwe Ijumaa na aliyekuona ukiifanya, hata kama ni intani au nesi aliyekusimamia kuweka katheta. Saini zikirundikwa wiki ya mwisho ndo zinageuka fimbo.

La tatu, huyo mkali ashikwe mkono kabla hajafikishwa kwenye kamati. Wale wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani, kina Gerald Hickson, wana utaratibu ambao mimi nimeupenda, lalamiko la kwanza linapofika, daktari mwenzake wa rika lake, sio bosi, anamchukua wanakunywa kahawa, anamwambia "nimeletewa hili, sijui upande wako, nimeona ulijue". Basi, hakuna barua. Wengi wanaishia hapo kwasababu hawakuwahi kuambiwa na mtu wanayemheshimu. Yakirudia ndo inapanda ngazi, takwimu zake mezani, halafu mkuu wake, halafu nidhamu. Hapa kwetu tunafanya kinyume, tunanyamaza miaka 15, siku ikilipuka tunataka afukuzwe, na kwasababu kumfukuza bingwa ni kazi nzito tunanyamaza tena.

Mzee wa Thieta

Hiyo ya kahawa ninaikubali, kwasababu kuna watu humu kwenye fani ningependa kuwapeleka kunywa kahawa. Ya logibuku kila wiki nayo ina mantiki ila nani atakuwa na muda? Mnafahamu nina wagonjwa wangapi? Raundi moja vitanda vimejaa, wengine wako chini kwenye magodoro, kliniki imefurika nje, thieta inanisubiri, halafu wanafunzi thelathini wamezunguka kitanda kimoja, aliyeko nyuma haoni hata mguu wa mgonjwa. Vyuo vimeongeza wanafunzi, wodi haijaongezwa kitanda. Mtu akiwa kachoka hivyo mdomo unateleza.

Kwahiyo mkiandika sera zenu ongezeni na hilo. Kundi lisizidi watu sita kwa mwalimu. Mimi siku nikipata sita nafundisha mpaka nasahau chakula cha mchana. Nikipata thelathini nakuwa askari wa magereza.

Sista Mkongwe

Nawasoma tu madaktari. Naomba nikumbushe kwamba wodini kuna wanafunzi wengine, wa uuguzi, wakunga, wa tabibu, maabara. Na wanaowanyanyasa wengi ni sisi wenyewe, tusidanganyane. Tunakula makinda yetu wenyewe, mwanafunzi wa uuguzi anapewa kumwaga mabeseni na kufuta sakafu wiki nzima, sindano haoni, halafu mwisho wa mwezi tunashangaa hajui kuweka drip. Na hata huyo wa udaktari akitukanwa na bingwa, anakuja kwetu kuomba faili tunamjibu "kalitafute", kwasababu na sisi tumeshatukanwa asubuhi na huyohuyo bingwa.

Kitu kimoja wodi yangu tulikianzisha na hakikutugharimu shilingi. Siku ya kwanza ya kundi jipya, mimi kama mkuu wa wodi nakaa nao nusu saa pamoja na rezidenti. Nawaonyesha vifaa viko wapi, mkanda wa presha wa watoto uko droo gani na ukikosekana uazime wodi gani. Nawaambia wataitwaje, hapa kila mtu anaitwa kwa jina lake, hakuna "wewe mwenye miwani". Nawaambia nani wamfuate wakikwama, na namba ya simu. Yule binti wa kwenye kisa cha mleta uzi angekuwa wodi yangu angeipima ile presha.

Wakili Kijiweni

Naingia kwenye lile la dada @Logibuku Tupu maana naona mnalizungukazunguka. Mwalimu akikuomba ngono ili akupe alama au akusainie, hiyo haihusiani na ukali wa kufundisha, ni jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamgusa mtu yeyote mwenye mamlaka anayedai upendeleo wa kingono kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au nafasi yoyote. Adhabu ni faini isiyozidi milioni tano au kifungo kisichozidi miaka mitatu au vyote. Wapo watakaosema ni ndogo, sawa, lakini kesi ya rushwa kwa daktari ni mwisho wa jina.

Namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, bure. Piga KABLA hujaenda kokote alikokuita. Ukishaenda na kurudi, ushahidi umepungua na wewe ndo unaulizwa ulifuata nini. Usifute meseji hata ikikuchefua, piga picha ya skrini yenye tarehe na namba, mtumie mtu unayemwamini. Usimjibu kwa utani "hahaha doc bwana", mawakili wa upande wa pili wanapenda sana hiyo hahaha. Jibu kwa ufupi, "hapana daktari, nakuja kwa masomo tu".

Na chuo chenu kama kina Dawati la Jinsia, nendeni mkajue linakaa jengo gani na nani yuko zamu. Vingi vina bango tu.

Mkisii wa Eldy

Poleni sana majirani. Huku Kenya ni the same, tena nikiwa student niliambiwa na consultant nikae chini ya meza ya wodi kwa sababu sikujua dose. Lakini niwaambie tofauti moja niliyoona. Intern akidhulumiwa huku ana KMPDU, union ya madaktari. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56 na suala kubwa lilikuwa intern, serikali ilitaka kuwalipa elfu sabini badala ya zile laki mbili na elfu sita za makubaliano ya 2017. Watu wazima, maconsultant, waligomea pesa za intern. Student hana union. Ana association ya kuandaa michezo na medical camp. Hata nyinyi si mgomo wenu wa 2012 ulianzia kwa maintern wa Muhimbili wakidai posho? Intern anasikika kwa sababu akiondoka wodi inasimama. Student akiondoka hakuna anayejua.

Zamu ya Usiku

@Mkisii wa Eldy karibu sana, na umeniongezea kitu. Ndo maana nasema TAMSA (chama cha wanafunzi wa udaktari) na serikali za wanafunzi waache kulichukulia hili kama suala la kupeana moyo. Walipeleke kwa wanaotoa ithibati. Marekani chuo cha udaktari hakipewi ithibati bila kuonyesha jinsi kinavyozuia unyanyasaji na jinsi mwanafunzi anavyoripoti bila kulipiziwa kisasi, na kila mwaka wahitimu wanajaza dodoso la kitaifa linalowauliza waziwazi walifanyiwa nini. Bado takriban wanne kwa kumi wanasema walifanyiwa, kwahiyo wao pia hawajafika. Ila wanajua namba yao. TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) na Baraza la Madaktari wakija kukagua chuo wanahesabu maprofesa na vitabu, wakae basi na wanafunzi wa mwaka wa nne nusu siku bila mwalimu chumbani.

Halafu tahadhari kwa watakaokimbilia semina. UCLA, chuo kikubwa cha Marekani, walipambana na hili kuanzia 1995, sera, kamati, warsha kwa wanafunzi na walimu, mtu wa kupokea malalamiko, kila kitu. Walipima kwa miaka 13. Wakachapisha wenyewe mwaka 2012 kwamba hakijapungua kiasi cha maana, zaidi ya nusu ya wanafunzi bado walisema wamenyanyaswa. Nawaheshimu kwa kutoa hayo matokeo hadharani. Kwahiyo posho ya semina na fulana zenye maandishi hazitatutoa. Mwalimu asiyejua kosa lake anaweza kusaidika na semina. Anayejua na hakuna kinachompata, atakula chakula cha semina na kurudi wodini vilevile.

Logibuku Tupu

Doc kwa sasa hivi, kabla hao TCU hawajaja, mimi nifanye nini Jumatatu?

Zamu ya Usiku

Jumatatu usiende ofisini kwake peke yako kwa sababu yoyote ile. Kama ni saini, mwende wawili au umsubiri wodini. Anza kuandika, daftari dogo tu, usiku huohuo kabla hujalala, maana baada ya wiki utaanza kujiambia labda nilielewa vibaya. Maelezo yawe makavu, usiweke hasira wala "alinidhalilisha sana". Yakae hivi:

"Jumanne, saa nne asubuhi, wodi ya upasuaji wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Tulikuwa tunapima tumbo la mgonjwa. Daktari alisema: (weka maneno yake yaleyale kama yalivyotoka). Waliosikia: wanafunzi watatu, nesi mmoja, mgonjwa. Niliendelea kupima. Baada ya raundi nilimweleza CR (kiongozi wa darasa)."

Hivyo tu. Na wale wavulana saba wa kundi lako nao waandike walichosikia, kila mtu kivyake, msinakiliane. Nyie saba mliopo humu najua mnasoma, dada yenu msimwache awe shahidi peke yake.

CR Mwaka wa Tatu

Nimenakili hiyo sampuli naipeleka grupu la darasa usiku huu. Swali doc, ile ya kugawa alama za mzunguko na saini za kila wiki tunaipeleka kwa nani? Mkuu wa idara ndo muhusika mwenyewe.

Zamu ya Usiku

Msipite idarani. Ulizeni mwakilishi wenu kama ana kiti kwenye bodi ya skuli, ajenda iingie kwa maandishi kama marekebisho ya utaratibu wa tathmini, sio kama lalamiko la mtu. Isiwe na jina la daktari hata mmoja. Na kabla ya kikao mtafuteni bingwa mmoja anayeiunga mkono aiongelee ndani, wanafunzi peke yenu mtaambiwa litafanyiwa kazi.

Mzee wa Thieta

Nitumieni hiyo rasimu faragha. Ile ya watu sita kwa mwalimu msipoiweka sichangii.